Mita ya Themanini na Nne

Kambi ya Pukaurqo,
Alhamisi, 8 Oktoba 1998.

Kwa mama yangu mpendwa, Teófila Ccahuana,
Sallapata.

Shikamoo mama. Naanza kwa kukuuliza hali yako, na tafadhali usinijibu "nzuri tu" kama unavyowajibu wageni. Goti la kushoto linasemaje siku hizi za upepo? Umeshapanda viazi, au bado unaitazama mbingu? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi ni mzima wa mwili. Midomo imepasuka kwa baridi na ngozi ya pua imebanduka, lakini nakula, nalala, nafanya kazi. Mengine nitayasema polepole, maana barua hii nimeianza mara tatu, na mara zote tatu nimeitia motoni jikoni kwa Melchora. Uisome peke yako, mama. Ukikwama kwenye neno usimpelekee mwalimu, lirudie tu mpaka likubali. Nimeandika herufi kubwa kwa makusudi.

Kwanza nikuombe radhi kwa salamu nilizompa Abundio, dereva wa lori. Kila baada ya siku ishirini za kazi tunapewa siku kumi za kwenda nyumbani, na tangu Agosti zimepita mara mbili bila wewe kuniona. Nilimwambia akwambie kwamba theluji imefunga njia. Najua ulicheka. Theluji gani hiyo ya Septemba, tena inayofunga njia wakati Abundio mwenyewe kapita na lori lake kukuletea habari? Uongo sikuujua tangu utotoni, nawe ndiye uliyenilea hivyo. Hapakuwa na theluji, mama. Nilikaa hapa kambini peke yangu, mara zote mbili, wenzangu wakashuka kwao nikabaki na mlinzi kiziwi na masanduku ya mawe.

Uliwahi kuniuliza hasa nafanya kazi gani, nikakujibu haraka haraka kwa sababu lori lilikuwa linapiga honi. Sasa nikueleze. Mlima huu zamani ulikuwa volkano. Maji ya moto yenye asidi yalipanda kutoka chini kupitia nyufa zake, yakaupika mwamba mpaka ukapoteza rangi na uzito. Kilichobaki katikati ni jiwe jeupe, gumu, lenye matundu matundu kama mkate uliozidi hamira, na kando yake udongo mweupe unaoteleza kama sabuni. Ukilivunja hilo jiwe linanuka salfa. Mahali mwamba ulipopikwa namna hiyo, huenda dhahabu nayo ilipita ikajificha ndani ya yale matundu. Huenda. Kazi yetu yote imejengwa juu ya neno hilo.

Basi mashine inachoronga shimo jembamba, mita mia mbili kwenda chini, na kutoka shimoni inatoa vipande vya jiwe vya mviringo, virefu kama michi. Mimi hiyo michi naipanga ndani ya masanduku, naiosha, naitazama kwa lenzi mita kwa mita na kuandika: hapa jeupe, hapa jekundu kwa kutu, hapa udongo, hapa matundu. Halafu naipasua kwa msumeno katikati. Nusu inakwenda maabara Lima, nusu inabaki sandukuni kuwa ushahidi. Hivyo tu, mwaka mzima, katika banda la mabati ambalo upepo unaingia kila upande.

Tuko watu thelathini na watatu, wanawake wawili tu, mimi na Melchora mpishi. Wananiita Injinia, kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo inayoniua. Nikiingia pahala pa kulia mazungumzo yanakatika, wananisogezea chumvi, wananitakia mlo mwema, kisha kila mtu anatazama supu yake. Anayethubutu kunitania ni Tiburcio, mkuu wa wachorongaji. Kila asubuhi hupita bandani akauliza kama nimeshawaamkia waume zangu waliolala masandukuni, na nimemchagua yupi, mrefu au mfupi. Nilimjibu kwamba angalau hao hawanuki miguu. Wenzake walikufa kwa kicheko, naye siku tatu akanikwepa. Nikajuta, maana hata utani wake niliuhitaji. Mama, zipo siku nilizopitisha bila kusema neno moja la lugha yetu. Nilikuwa nimeanza kuongea na mawe, na siyo kwa mzaha.

Aliyenitembelea kwa hiari yake ni Bibi Eulogia. Anaishi chini ya mlima huu, na alpaka arobaini na mbwa mmoja mkali, kwenye yale malisho ya majimaji ambayo hayakauki hata Agosti kwa sababu ya chemchemi yake. Alikuja mara ya kwanza kuniuzia jibini. Baadaye akawa anakuja bila jibini. Hukaa kwenye jiwe mlangoni pa banda, anasokota sufu, mimi naandika, na baada ya saa nzima anasema haya, nimekwenda. Alipokuwa hapo sikuhisi baridi sana.

Sasa habari yenyewe. Mashimo sita ya kwanza hayakuwa na kitu. Nimeandika kurasa na kurasa za jiwe jeupe zuri, limepikwa vizuri, lina matundu kama lilivyoelezwa kwenye vitabu, na maabara wanatuletea sifuri. Mwanzoni mwa Agosti mkuu wetu, Injinia Barrenechea, alituita wote. Ni mtu wa Lima, mwembamba, anakohoa tangu alipofika huku juu, wala si mtu mbaya. Akasema wenye kampuni wamechoka, shimo la saba ndilo la mwisho, likiwa tupu kila mtu akafungashe. Tiburcio akainua mkono akasema kwamba, kwa ruhusa ya Injinia, mlima haujalipwa. Mwezi wa Agosti ardhi imefungua mdomo, ina njaa, na sisi tunaichoma na vyuma bila hata kuitupia jani la koka. Wanaume wote wakaguna kuunga mkono.

Injinia Barrenechea akakubali, ili watu wafanye kazi kwa moyo. Tatizo aliagiza vitu kutoka mjini kwa karani asiyejua lolote. Unajua inavyotakiwa, mama: mafuta ya llama, majani ya koka yaliyokamilika, matatu matatu, divai, na zile karatasi nyembamba za dhahabu na fedha. Karani akaleta biskuti, soda, na karatasi ya kufungia peremende. Melchora alipofungua kifurushi nusura amwage supu. Weee, alipiga kelele! Akasema hawa watu wa pwani wana wazimu, unauombaje mlima dhahabu huku unaupa ganda la peremende? Ungekuwa wewe umekaa hapo tangu dunia iumbwe, ungekubali? Injinia akamwambia kwa upole kwamba kinachotakiwa ni nia. Melchora akasema basi na mshahara nao mwezi huu atulipe nia. Sadaka ikachomwa hivyo hivyo. Moshi wake ulinuka plastiki, na wanaume walirudi kazini vichwa chini.

Siku ya nne mashine ikafika mita themanini na nne, ikakwama. Wakatoa vyuma vyote nje ili wabadilishe kichwa cha kuchorongea, wakaenda kula chakula cha mchana. Alasiri wakaendelea. Michi iliyotoka pale ilikuwa kama mingine yote, myeupe, yenye matundu, yenye kutu kidogo. Nikaandika, nikapasua, nikatuma.

Wiki tatu baadaye majibu yakarudi. Shimo zima sifuri, isipokuwa kipande kimoja cha mita moja na nusu, kuanzia themanini na nne: gramu thelathini na moja kwa tani. Ili uelewe, mama, huku watu wakipata gramu moja wanakumbatiana. Injinia Barrenechea alitoka ofisini mbio bila koti, anakohoa na kucheka pamoja. Tiburcio akanibeba begani, mimi Hermelinda Tinco, akanizungusha kambi nzima, eti Injinia wetu wa bahati, eti waume zake wamezaa! Melchora akachinja kondoo. Waliniita meza ya kati, wakanikalisha katikati yao, wakaniuliza kwetu ni wapi, baba alikuwa nani, naimba nyimbo gani. Jioni hiyo moja, mama, sikuwa mgeni. Niliimba, wakapiga makofi. Moyoni nilikuwa nimekufa ganzi.

Nikadhani mambo yataishia kwenye furaha. Hayakuishia hapo. Injinia akachora mashimo mengine kumi, na matano kati yake yanaangukia juu ya malisho ya Bibi Eulogia. Chemchemi itazibwa, barabara itapita kwenye zizi lake, naye ahame kabla ya tarehe kumi na tano mwezi huu. Wenye kampuni walipanga kuja Jumatatu ijayo kulitazama lile jiwe kwa macho yao na kutia saini. Wakisaini, mashine zinashuka Jumanne.

Jumapili iliyopita Bibi Eulogia akaja bandani. Hakusokota. Aliniuliza moja kwa moja kama dhahabu kweli ipo. Akasema hao wengine yeye hawaamini, wanasema sana na wananuka manukato, lakini mimi mtoto wa kwetu, nimelelewa na viazi kama yeye. Nikimwambia ipo, atakusanya wanyama wake aende kwa binamu yake kule ng'ambo, ijapokuwa kule nyasi ni kavu na nusu yao watakufa. Hatanung'unika. Anachotaka ni asihamishwe na uongo tu. Nikamjibu kwamba karatasi ya maabara ndiyo inasema hivyo. Akasema hakuniuliza habari za karatasi. Akaenda zake, na mara ile hakuaga.

Mama, keti vizuri. Dhahabu hiyo ni yako.

Ni hereni yako. Ile uliyonivika sikio la kushoto kituoni, ukabaki na mwenzake, ukasema siku nitakayorudi kukaa nyumbani zitakutana. Siku ile wachorongaji walipokwenda kula, mimi sikuwa na hamu ya kwenda kunyamaziwa. Nilikwenda kwenye shimo. Mdomo wake haupiti upana wa bakuli lako la supu, na unatoa hewa baridi. Nikainama nikaliamkia. Nikaliambia kwa lugha yetu kwamba mimi ni binti wa Teófila wa Sallapata, kwamba lile ganda la peremende halikuwa wazo langu, kwamba kambi ikifungwa nitarudi nyumbani mikono mitupu, mimi niliyesomeshwa na kijiji kizima. Niliongea mengi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kuongea hivyo, na nilikuwa nalia. Halafu nikaivua nikaiachia. Nikaisikia ikigonga, ikigonga tena, kisha kimya.

Utasema, na chuo kikuu chote kile? Ndiyo, mama. Mimi ndiye ninayewakataza wasaidizi kuvaa hata pete bandani, maana pete ikikwaruza jiwe inaharibu sampuli. Najua kuliko mtu yeyote hapa. Lakini pale shimoni sikuwa mjiolojia, nilikuwa mtu wa Sallapata mwezi wa Agosti. Nilifikiri imekwenda kwa mwenye mlima. Sikufikiri kwamba imekaa tu pale chini, na kwamba baada ya chakula kile chuma kitashuka kiisage ndani ya jiwe. Majibu yalipofika nikaelewa palepale, kabla Injinia hajamaliza kusoma. Nikajikausha. Nilijikausha wiki nne. Ndiyo maana sikuja nyumbani. Ungenitazama sikio kabla ya kunitazama uso.

Bibi Eulogia alipoondoka nilitoa sanduku la mita themanini na nne. Nikaitazama ile nusu iliyobaki, tundu kwa tundu, kwa lenzi. Katika tundu moja palikuwa na mkwaruzo wa njano, laini, umepakwa juu ya jiwe kama siagi. Dhahabu ya mlima haikai hivyo. Na kando yake chembe nyekundu, ndogo kuliko mbegu ya kinoa. Ni kile kijiwe cha hereni, mama. Nikakaa chini sakafuni nikakukumbuka unavyokisugua kwa pindo la sketi kila sikukuu ya mtakatifu wetu.

Kesho yake, Jumatatu asubuhi, nikapiga moyo konde nikampelekea Injinia Barrenechea sanduku lenyewe, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Alitazama kwa lenzi muda mrefu. Akavua miwani. Akasema hata yeye lilimkera, mita moja tajiri katikati ya ufukara wote ule, lakini mtu akiwa na kiu hachunguzi sana kikombe. Kisha akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akauliza tena, taratibu, kama nina hakika kwamba ninataka kuwa na hakika. Akasema nimechoka, sijapumzika tangu Agosti, nishuke na lori la Jumamosi, nikirudi wageni watakuwa wameshapita, na huenda mashimo mapya yakatoa dhahabu ya kweli, nani ajuaye. Akawataja watu thelathini na watatu na watoto wao. Hakunitisha, mama. Angenitisha ingekuwa rahisi.

Nilirudi bandani. Nilikaa mpaka supu ya mchana ikapoa. Ninawajua wale watu kwa majina. Mke wa Tiburcio anajifungua mwezi ujao. Nikachukua daftari la shimo la saba, lile ambalo wageni hufungua kwanza, nikaandika kwa wino: "Mita 84.6. Jiwe jeupe lenye matundu. Dhahabu iliyomo ni ya hereni ya mama yangu, niliyoidondosha mimi mwenyewe kabla ya uchorongaji kuendelea. Mwamba wenyewe hauna kitu." Nikatia saini jina lote, lako na la baba. Halafu nikaandika "hereni" kwa chaki nyekundu juu ya mfuniko wa sanduku, asije mtu akasema hakuona.

Kisha nikashuka kwa miguu hadi kwa Bibi Eulogia. Mbwa wake alinipasua suruali. Nilipomaliza kumweleza nilidhani atanifukuza. Mara akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu, anarudia peke yake: hereni! alpaka arobaini wahamishwe na hereni! Alipofuta machozi akasema masikini mlima, nao umepewa kitu cha thamani wakaja kuutapisha. Akanikamulia maziwa, akaniambia nile, nimekonda kama fimbo. Sikujua kama amenisamehe na sikuuliza.

Huku juu hakuna aliyecheka. Habari zilinitangulia. Benchi langu limekuwa langu peke yangu. Nikikaa, wanahama na sahani zao, na chumvi hawanisogezei tena. Tiburcio hapiti bandani asubuhi. Jana tulikutana njiani, nikamwambia nisamehe, akaniambia hana la kusamehe, akatazama pembeni, akasema mtoto atazaliwa tu. Hayo yameniuma kuliko matusi. Melchora peke yake ndiye anayeketi nami. Juzi alinong'ona kwamba kosa ni lake, mdomo wake ndio ulionituma. Nikamwambia alisema kweli tupu, mkono ulikuwa wangu.

Leo asubuhi Injinia Barrenechea alikuja bandani mwenyewe. Nilijua analeta barua ya kunifukuza, na aliileta. Akasema amewapelekea wageni ujumbe wa redio wasije, mashine zitashuka na kurudi mjini, kambi inafungwa mwisho wa mwezi. Nikatia saini mahali aliponionyesha. Alikwisha kufika mlangoni akageuka, akakohoa kama kawaida yake, akatoa mfukoni mfuko mdogo wa sampuli, umefungwa na kuandikwa namba kama inavyotakiwa. Ndani mna kile kijiwe chekundu. Alikitoa kwa sindano, usiku mzima nadhani, bila kukivunja. Akasema hiki si mali ya kampuni, nimpelekee mwenyewe.

Basi ninakuja, mama. Lori la Abundio linashuka leo, na litarudi kunichukua Jumamosi. Barua hii nampa leo ili ikutangulie, nisije nikalazimika kukwambia haya uso kwa uso njiani watu wakisikiliza. Sina kazi, sina hereni, na Sallapata nzima itataka kujua kwa nini injinia wao karudi na mabegi yote. Waache waulize. Nakuomba tu usije kunipokea kituoni, nitapanda mwenyewe kwa miguu. Niwekee viazi jivuni. Nikiingia usiseme kitu, nipishe kigoda changu cha zamani, kisha uje ukae upande wangu wa kushoto, upande wa sikio tupu, na unisemeshe habari yoyote, hata ya ng'ombe. Nina kiu ya kusemeshwa.

Msalimie shangazi Fortunata, wasalimie majirani wa pande zote mbili, na lile kaburi la baba uliambie nimeandika jina lake kwa usahihi.

Ni mimi binti yako,
Hermelinda Tinco Ccahuana.